Nyumba Iliyonyimwa Moto

Nyahanga, Kahama
12 Julai 1953

Kaka Onesmo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Geita, wewe na wenzako wa kambi ya mgodi. Huku tumebaki wawili, mimi na Bibi Mbuke. Bibi hajambo, ila macho yake sasa yanaona mwanga tu. Watu anawajua kwa sauti na kwa jinsi miguu yao inavyoikanyaga ardhi. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Mtama tulivuna magunia manne, la nne wamelivuna panya.

Hizo ndizo salamu. Sasa niseme.

Hatujuani sana, kaka. Ulipoondoka nilikuwa na miaka saba, leo nina kumi na tano. Mimi ni mtu wa haya. Nikienda kuomba chumvi kwa jirani huwa nazungumza na vidole vyangu vya miguu. Lakini masista wametufundisha kuandika barua kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, nami nimeona kwamba kalamu haina haya. Kwa Kisukuma hasira yangu ingetaka sauti, na sauti sina. Kwa Kiingereza ningekosea, nawe ungecheka. Basi naandika Kiswahili.

Baba alizikwa tarehe 3 Juni. Habari za ugonjwa wake zilikufikia wiki mbili kabla. Dereva wa lori aliapa kwamba alikukabidhi barua mkononi. Siku ya mazishi wanaume wote wa Nyahanga walikuja na majembe. Makoye, ambaye siku hizi ndiye nsumba ntale, mkuu wa vijana, alisimama ukingoni mwa kaburi akauliza, "Mtoto wa kiume wa katekista wetu, Mwalimu Marcel, yuko wapi? Udongo wa kwanza unatupwa na nani?" Watu wakanitazama. Nikautupa mimi. Nusu yake ikaniingia kiatuni.

Matanga yalipokwisha, vijana walikaa wakakata shauri. Asiyefika kaburini hutozwa mbuzi, hilo unalijua. Lakini mtoto asiyemzika baba yake hawezi kutuma mbuzi kwa mkono wa mtu. Sharti aje, asimame mbele yao na jembe lake, aulizwe, ajibu. Mpaka siku hiyo nyumba yetu imetengwa. Hatusalimiwi. Hatusaidiwi kazi. Hatupewi moto. Juzi makaa yalizimika nikaenda na kigae kwa Mama Sikujua kuomba kaa moja. Alikuwa anakoroga uji. Akaniambia bila kuinua uso, "Mwanangu, moto ninao. Ruhusa sina."

Na nyumba inaanguka. Mchwa wamekula fito za paa upande wa magharibi, na mvua za mwisho zimeumega ukuta wa nyuma. Kuezeka ni kazi ya vijana ishirini kwa siku moja, na vijana ni wa Makoye. Sista mkuu amesema nafasi yangu ya darasa la saba ataishika mpaka Januari, basi. Lakini nitamwachaje Bibi asiyeona chini ya paa lile?

Nakuuliza neno moja tu. Unakuja lini?

Mimi mdogo wako,
Limi Marcel


Kambini, Geita
20 Agosti 1953

Mdogo wangu Limi,

Marahaba. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Siku hizi sishuki tena shimoni, nimewekwa kwenye karakana ya maseremala, tunachonga magogo ya kuegemeza miamba. Rafiki yangu Thobias anakusalimu ingawa hakujui; anasema mwandiko wako ni mzuri kuliko wa karani wetu. Mpe Bibi blanketi hili.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Imenifanya niwaze sana habari ya ile nyumba. Hapa tuna kikundi cha sala kila Jumapili, na mimi ndiye ninayeongoza mafundisho. Niliwasimulia habari zenu bila kutaja majina, na watu wakaguswa. Maana, Limi, nyumba ya zamani ni kama roho ya mtu. Ufa ni dhambi ndogo iliyoachwa bila kuungamwa. Mchwa ni masengenyo, hula kimya kimya na nyumba haijui. Kukandika ni toba. Anayeikandika nyumba kwa saburi anajikandika nafsi yake. Kwa hiyo usihuzunike ukiwa mbali na darasa. Mungu amekufungulia shule nyingine, isiyo na ubao wala chaki.

Kuhusu moto, usisumbuke tena. Natuma viberiti kumi na viwili. Ukivitumia kwa uangalifu vitafika Krismasi.

Kuhusu kuja, mambo ni mengi. Tutaona.

Kaka yako,
Onesmo


Nyahanga
2 Septemba 1953

Kaka,

Shikamoo. Bibi mzima. Ndama mzima. Blanketi limefika, Bibi amelinusa akasema lina harufu ya duka, halina harufu ya mtu.

Viberiti navyo vimefika.

Nilikuambia tunanyimwa moto, ukatuletea viberiti! Wewe ni mtu wa hapa au mgeni? Nilimpa Bibi kimoja, akakitikisa sikioni. "Hiki nini?" Nikamwambia ni moto kutoka kwa kaka. Akauliza, "Umetoka jiko la nani?" Akanirudishia. "Basi ni moto yatima. Upikie wewe, mimi sina njaa." Alilala na njaa, kaka, kwa ajili ya viberiti vyako.

Mafundisho yako niliyasoma nikiwa nimekaa juu ya ndoo, matope mpaka viwikoni. Eti mchwa ni masengenyo. Mchwa ni mchwa! Wana vichwa vyekundu na wanauma. Eti kukandika ni toba. Toba ya nani? Mimi ndiye ninayekandika, na mimi sikukosa. Nawe ukaichukua aibu yetu ukaenda kuwafundishia watu wa Jumapili wakaguswa! Waambie waliotokwa na machozi waje na fito. Na hiyo shule isiyo na ubao wala chaki, njoo uisome wewe. Mimi ubao nilikuwa nao.

Nimetafuta kitu katika barua yako. Neno nyumba limo tele. Neno baba halimo. Hata mara moja.

Wiki iliyopita nilipanda paani. Ndiyo, mimi. Nilifunga nyasi mafungu nikapanda kwa ngazi ya Baba, wanawake waliokuwa wanatoka kisimani wakasimama na mitungi yao kichwani. Makoye akatokea na vijana wake.

"Hee! Binti wa katekista anakwenda mbinguni kabla ya kuitwa!"

Wakacheka. Mmoja akasema, "Shuka, we! Mwanamke haezeki, utatuletea radi."

Huwa siwajibu wanaume. Lakini juu kule nilikuwa siwaoni nyuso, naona kofia tu, nikasema, "Nileteeni mwanamume basi, nishuke."

Makoye akavua kofia akanitazama, wala hakuwa anacheka. "Wa kukuletea yuko Geita, dada. Mwite. Sisi kamba tumeshasokota."

Niliezeka sehemu ya upana wa mkeka. Saa sita upepo ukaibeba yote ukaitupa zizini, ng'ombe wakaila.

Lakini ukuta nauweza. Udongo wa kichuguu, samadi, maji kidogo kidogo. Bibi huubonyeza kwa vidole. "Bado, huu unalia." Naongeza udongo. "Sasa umenyamaza. Paka." Ukuta wote wa nyuma nimeumaliza. Na lile shimo la kando ya mlango, lile lililotobolewa na pembe la ng'ombe, ambalo Baba kila mwaka baada ya mavuno alikandika kulizunguka akaliacha wazi, nimeliziba. Mungu amrehemu, naona alikuwa mvivu kwa jambo hilo. Nililijaza vigae, nikapaka, nikasugua kwa jiwe mpaka likalainika. Mgeni hawezi kujua lilikuwa wapi. Bibi sijamwambia, nataka ashangae ukuta ukikauka.

Hilo ndilo fundisho langu, lipeleke Jumapili: msichana ameziba kwa asubuhi moja kitu kilichowashinda wanaume wa nyumba hii miaka minane.

Limi


Geita
19 Septemba 1953

Limi,

Shimo la kando ya mlango, mkono wa kulia unapoingia? Kwa nini umeliziba? Nani alikuambia uliguse? Bibi amejua?

Barua hii nampa dereva mwenyewe, usingoje posta. Nijibu.

Onesmo


Nyahanga
4 Oktoba 1953

Kaka,

Shikamoo. Wewe hukutusalimu, lakini mimi nilifunzwa.

Bibi amejua.

Udongo ulipokuwa mbichi nilimzuia asiuguse, nikawa namtoa nje kwa kumshika mkono. Ulipokauka nikamwachia. Unajua anavyotembea, anapapasa ukuta kwa kiganja tangu kitandani kwake mpaka mlangoni. Mimi nilikuwa nje napepeta, nasubiri anisifu. Alifika mlangoni akasimama. Akarudi nyuma hatua mbili, akapapasa tena.

"Liko wapi?"

"Nini, Bibi?"

"Limi, liko wapi?"

Nikasema nimeliziba. Akaanza kuukwaruza ukuta kwa kucha. Sijawahi kumwona Bibi akilia. Hakutoa sauti. Akaketi kizingitini, akanieleza mambo ambayo wewe unayajua na mimi sikuyajua.

Kwamba ulitoroka chuo cha ualimu ukasema unakwenda kwenye dhahabu. Kwamba Baba alisimama mlangoni akasema utapita juu ya mwili wake. Kwamba ulikuwa na shoka. Kwamba uliliinua ukalipiga ukutani, karibu na sikio lake, mpaka udongo ukamwingia machoni. Naye akasema, "Umeipiga nyumba. Nenda, na usirudi mpaka nikuite."

Mimi niliambiwa ni pembe la ng'ombe! Miaka minane! Yule ng'ombe mweusi nilimchukia, nilimnyima chumvi, siku alipochinjwa nilifurahi. Na hakuwa amefanya lolote.

Sasa sikiliza. Kila mwaka Baba akikandika, Bibi alikuwa anamwambia, "Ziba na hilo, Marcel, watu wanaona." Na kila mwaka Baba alimjibu neno lile lile: "Aliyelitoboa ndiye atakayeliziba. Nikiliziba mimi, atarudi afanye nini?"

Umesikia? Hakuwa mvivu. Alikuwa anakuita. Kila mwaka, kwa udongo, mbele ya kijiji kizima. Ila barua hakuandika, yeye aliyewafundisha watu wa Nyahanga wote kuandika! Mistari miwili tu ingetosha. Kwa hiyo na yeye nimemkasirikia, na ni marehemu, na sijui dhambi hii nitaiungama vipi. Na Bibi nimemkasirikia kwa kunificha. Na mimi mwenyewe zaidi, kwa sababu niliufuta wito wa baba yangu kwa jiwe la kusugulia, halafu nikajisifu kwako.

Nimelifungua. Sikutumia shoka. Nilichokonoa kwa kisu kidogo kidogo, nikitafuta ukingo wa zamani ili nisilipanue. Siku mbili. Vigae vimenikata vidole, ndiyo maana mwandiko umeharibika. Nilipofika mwisho Bibi alitia ngumi yake ndani, akaizungusha, akasema, "Ndilo."

Liko wazi sasa, upepo unaingia. Mawingu yameanza kusimama upande wa Ushirombo. Mvua ikipiga upande huo maji yataingia katikati ya ukuta, na ukuta utalala. Sitaliziba. Bibi hataki, na mimi sitaki.

Ulikuwa unangoja kuitwa. Haya, umeitwa. Usiniletee fundisho, wala blanketi, wala kiberiti. Lete mikono.

Limi


Nyahanga
7 Februari 1954

Mdogo wangu Limi,

Hujambo huko shuleni? Bibi anakusalimu sana, anauliza kama masista wanakupa maziwa. Ndama ameachishwa. Paa halijavuja tangu uondoke, hata juzi ilipopiga mvua ya mawe. Vijana wa Makoye waliezeka vizuri, ingawa walinitania siku nzima kwamba seremala wa Geita anashika nyasi kama anashika nyoka.

Tulikaa nyumba moja tangu mwisho wa Oktoba mpaka ulipopanda lori mwezi uliopita, na hatukuzungumza zaidi ya "maji yako wapi" na "chakula tayari". Nilidhani mwenye haya ni wewe. Kumbe na mimi ninayo, nilikuwa naificha chini ya mafundisho. Kuwafundisha watu wasionijua ni rahisi. Basi acha nikuandikie, kwa kuwa kwa mdomo nilishindwa.

Siku ile niliposimama na jembe kisimani tangu asubuhi, Makoye aliniuliza mbele ya watu wote, "Siku ya kumzika baba yako ulikuwa wapi?" Nikajibu, "Geita." Ulikuwepo, ulisikia. Wakanitoza mbuzi, nikatoa, wakaja kuezeka. Lakini nilidanganya.

Nilikuwa Kahama mjini. Nilipopata habari za ugonjwa niliomba ruhusa, ikakawia kutoka, kisha nikapanda lori. Nilifika asubuhi ya mazishi. Nilikaa kwenye baraza la duka moja pale njiani, na watu wakanipita wanakwenda Nyahanga na majembe begani. Mmoja akaniambia, "Twende, ndugu, tukamzike Mwalimu." Hakunitambua. Nikasema nakuja. Nikakaa. Nilikuwa najiambia: hakuniita. Amekufa na hakuniita. Nilikaa pale na hasira yangu mpaka watu wale wale wakarudi, majembe yana udongo. Nikapanda lori la jioni. Halafu nikakuandikia juu ya saburi.

Juzi nilimwendea Makoye nikamwambia kweli. Akasema, "Kumbe ulikuwa karibu hivyo?" Akaenda mwenyewe zizini kwangu akachagua mbuzi wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza.

Na shimo. Nilipofika nililitia gunia lisiingize mvua, na wewe ulikuwa unalipita kila siku hunitazami. Sikuweza kuliziba ukiwepo. Sikuweza kuliziba kabla ya kusema kweli vilevile. Baada ya mbuzi wa pili nilichanganya udongo, Bibi akaubonyeza, nikaliziba. Mvua ilikuwa inakuja nikaogopa itauosha, kwa hiyo nikakoka moto wa magogo karibu na ukuta ili ukauke haraka. Kaa nililiomba kwa Mama Sikujua, akanijazia kigae kizima. Asubuhi ukuta umepasuka kutoka pembe hadi pembe. Bibi alipitisha kiganja, akacheka mpaka akakohoa. "Fundi wa Geita! Toa wote, uanze tena."

Kesho naanza tena. Limi, nakuuliza neno moja kama ulivyoniuliza wewe. Umenisamehe?

Kaka yako,
Onesmo


Shuleni
21 Februari 1954

Kaka Onesmo,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Maziwa tunapewa Jumapili, na yana maji. Katika Kiingereza nimekuwa wa nne. Viberiti viwili vilivyobaki nilikuja navyo, tunawashia taa ya bweni. Mwambie Bibi moto yatima umepata kwao.

Barua yako niliisomea nyuma ya kanisa, kwa sababu nililia na sikutaka kuulizwa. Ulikuwa Kahama. Mimi natupa udongo kaburini kwa niaba yako, na wewe uko Kahama, umekaa barazani. Nimejaribu kuliandika jambo hilo kwa Kiingereza kwa ajili ya somo la insha, nikachana karatasi.

Hapana, kaka. Bado. Masista wanasema nisamehe leo hii, jua lisichwe juu ya hasira yangu. Nimejaribu, nimepiga magoti, na jua limekuchwa mara nyingi. Lakini kuna jambo umejionea mwenyewe kwa macho: udongo mbichi ukiukaushia moto, unapasuka. Unataka kivuli na upepo, na mtu wa kuupitia kila siku bila kuusukuma. Hasira yangu ni mbichi. Usiikokee moto. Kaa hapo tu.

Likizo ni Juni. Kabla ya kumsalimu mtu yeyote nitapitisha kiganja changu pale kando ya mlango kama Bibi. Nikikuta ufa nitakuambia, na mara hii nitakuambia kwa mdomo.

Mdogo wako,
Limi